Tembo watatu kwenye kopo: mwongozo wa kumsaidia ndugu mwenye ulemavu wa akili kushika pesa zake mwenyewe

Mdogo wangu ana miaka 31. Anapiga msasa kwenye karakana ya seremala huku Temeke, na kuhesabu kwake kunaishia ishirini. Mama alipokuwa hai alimpokea mlangoni kila jioni, akampapasa mifuko, akachukua alichokikuta, na asubuhi akampa nauli. Utaratibu huo ulikwenda miaka mingi kwa sababu moja tu: Mama alikuwepo.

Baada ya arobaini ya Mama nikajifanya mwerevu. Nikamwachia mshahara wote ashike mwenyewe, nikidhani ndiyo heshima. Siku ya tatu hakuwa na nauli, na watoto wa mtaa mzima walikuwa wananyonya barafu kwa hela yake. Nikageuza, nikashika kila shilingi kama Mama. Hapo akaanza kuficha noti kwenye soksi na kukopa kwa mangi, mwenye duka la mtaani, kimyakimya. Ilinichukua karibu mwaka kupata njia ya kati, na ndiyo ninayoieleza hapa. Ukiwa na ndugu wa namna hii, usisubiri msiba ndipo uanze.

Kabla ya hatua zenyewe, tuelewane kwenye jina. Ulemavu wa akili si ugonjwa wa akili. Mgonjwa anaweza kuumwa akapona. Mwenye ulemavu wa akili amezaliwa hivyo, au ameupata utotoni, na anajifunza polepole, ila anajifunza. Tofauti hii utaihitaji utakapokaa mbele ya karani wa benki anayekuambia "mgonjwa wako haruhusiwi".

Hatua ya kwanza: mchunguze wiki mbili bila kubadili kitu

Usiulize ukoo anaweza nini. Ukoo utakujibu kwa mambo ya miaka kumi na tano iliyopita. Nenda naye dukani, panda naye daladala, simama nyuma uangalie. Chukua daftari, gawa ukurasa sehemu tatu: anayofanya mwenyewe, anayofanya akisaidiwa kidogo, na ambayo bado. Mimi niligundua kwamba mdogo wangu hajui 5,000 ni kubwa kuliko 2,000 mara ngapi, lakini hakosei noti hata gizani kidogo, kwa sababu anazijua kwa picha. Noti ya buluu, ya elfu moja, ni Mwalimu. Ya kahawia ni simba. Ya zambarau ni kifaru. Nyekundu, ya elfu kumi, ni tembo. Sarafu ya mia tano ni nyati. Vijana wa karakana wanasema "buku" (elfu moja), "jero" (mia tano), "msimbazi" (elfu kumi), na hayo nayo anayaelewa. Hiyo ni hesabu tayari. Shule iliyomfukuza ilikuwa inatafuta tarakimu tu.

Katika wiki hizo hizo muulize anataka nini na hela yake. Muulize hela zikiwa mezani, si kwa maneno matupu. Sentensi fupi, jambo moja kwa wakati, kisha nyamaza umpe nafasi ya kujibu. Kunyamaza huko ni kugumu kuliko unavyofikiri. Jibu la mdogo wangu lilikuwa redio. Miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kumuuliza.

Hatua ya pili: kaa na anayemlipa

Mwajiri mwema asiyejua anaweza kuharibu kila kitu. Fundi wetu alikuwa analipa kwa mafungu: leo elfu tatu, Jumamosi noti ya tembo, siku nyingine "nitakupa kesho". Mtu ambaye hesabu yake iko kwenye picha hawezi kufuatilia deni la namna hiyo. Nilimwendea, nikamwamkia kwa adabu zote, nikamwomba mambo matatu: alipe saa ile ile kila siku, alipe kwa noti ndogo zinazofanana, na ampe yeye mkononi, asinipe mimi wala asimpe mwenzake ampelekee. La tatu lilimshangaza. Alidhani nimekuja kuomba nipokee mimi.

Kama ndugu yako analipwa chakula cha mchana tu huku wenzake wanalipwa hela, huo si msaada. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamkataza mwajiri kubagua mfanyakazi kwa sababu ya ulemavu. Anza kwa mazungumzo, maana kazi zenyewe ni adimu, lakini ujue una pa kusimama.

Andika pia vyanzo vingine vya fedha: kodi ya chumba alichorithi, hela ya shangazi ya sikukuu, ruzuku ya TASAF, mfuko wa serikali wa kusaidia kaya maskini, kama kaya yenu imo. Kwa walioko Kenya, mpango wa Inua Jamii hutoa shilingi 2,000 za huko kwa mwezi kwa mwenye ulemavu mkubwa, na mara nyingi mlezi ndiye anayepokea. Hapo hoja ya daftari, nitakayoifikia chini, inakuwa nzito maradufu.

Hatua ya tatu: makopo

Hapa ndipo penye kazi, kwa hiyo nitakaa.

Tafuta makopo ya plastiki yanayoonyesha kilichomo ndani. Bahasha hazifai, kwa sababu asichokiona ni kama hakipo. Bandika picha kwenye kila kopo: daladala, sahani ya ubwabwa, nyumba yenu wenyewe (piga picha halisi), kitu anachokiwekea akiba, na uso wake. Kopo lenye uso wake ni hela ya kufanyia anachotaka, na hakuna mtu anayeuliza imekwenda wapi.

Mdogo wangu analipwa 8,000 kwa siku. Tuligawa hivi: daladala 1,500, chakula 2,500, nyumbani 1,500, akiba 1,000, yake 1,500. Nauli haifiki 1,500, lakini nilifanya makusudi ili awe na Mwalimu mmoja na nyati mmoja, basi. Ukimwekea hesabu sahihi yenye sarafu za mia na hamsini utakuwa umemtengenezea mtego. Kinachobaki kwenye nauli kinaangukia kopo lake.

Anagawa yeye, wewe umekaa pembeni. Mwezi wa kwanza nilichora kwenye karatasi chini ya kila kopo noti zinazotakiwa kuingia, kwa ukubwa wake halisi na kwa rangi, na yeye analinganisha. Mwezi wa pili nikaondoa karatasi ya kopo moja, kisha ya kopo la pili. Akikosea usinyooshe mkono. Sema tu "angalia picha" na usubiri. Kwa noti kubwa, nenda mapema kwa mangi ukavunje, muwe na Mwalimu wa kutosha nyumbani.

Kuhusu nyumbani: usiliruke kopo hilo. Ndugu wengine watakuambia "masikini, mwacheni ale hela yake". Lakini siku mdogo wangu alipoweka hela ya mchango wa umeme mezani pamoja na watu wazima wenzake, alikaa kwenye kiti cha marehemu Baba. Hakuna aliyemwambia akae pale, wala hakuna aliyemwinua.

Kwenye duka tumia mbinu ya "buku moja juu". Bei ikiwa 2,300, anatoa Mwalimu watatu. Ikiwa 700, anatoa mmoja. Anachotakiwa kujua ni tarakimu ya elfu tu, kisha aongeze noti moja na asimame asubiri chenji. Chenji inaingia kwenye kipochi kidogo bila kuhesabiwa dukani, maana foleni ikimsukuma nyuma akili inafungika. Mnahesabu jioni. Zoezi hili tulilifanya sebuleni wiki tatu, mimi nikiwa mangi, kwa sabuni na kiberiti cha kweli. Halafu nenda kwa mangi mwenyewe, umweleze mambo mawili: amtajie bei yeye, si wewe, na asimkopeshe. Kama lipo deni la zamani kwenye daftari la duka, lilipeni pamoja, yeye akiwa ameshika hela, na aone jina lake likikatwa kwa kalamu.

Ataharibu. Hela ya uso wake itaisha kwa barafu, kwa miwani ya jua, kwa kumnunulia soda mtu ambaye unaona kabisa anamtumia. Vumilia. Binti yako wa miaka ishirini anapoteza hela kwa kucha za bandia na hamumwitii kikao. Mahali pekee nilipoingilia kati ni zile mashine za kamari za mtaani za kutumbukiza sarafu. Zinawaka, zinaimba, na kwa mtu kama mdogo wangu ni kama zimetengenezwa kwa ajili yake. Sikumfokea. Nilihamisha njia: sasa anashuka kituo cha mbele, anarudi kwa upande usio na kibanda hicho.

Hatua ya nne: simu

Laini iwe ya jina lake, kwa kitambulisho chake cha taifa, kile cha NIDA, na alama za vidole vyake. Laini ya jina lako mfukoni mwake inaonekana rahisi, lakini pesa iliyomo kisheria ni yako, na ukifa leo warithi wako ndio watakaoidai. Kama hana NIDA, anza hapo, maana bila hicho kila mlango mwingine umefungwa.

Ukishasajili, piga *106# kwenye simu yake uone namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake. Fanya hivyo kila baada ya miezi michache. Kuna watu wanaomzungusha mwenye ulemavu wa akili kwa soda, anaweka kidole, na kesho kuna laini ya matapeli yenye jina lake.

Namba ya siri ndipo ndugu wengi tunapokwama. Kampuni za simu zinakataza kuitoa kwa mtu yeyote, na wakala wa pesa za simu akiishika umekwisha. Mdogo wangu hakuweza kukumbuka tarakimu nne, lakini anakumbuka mwendo wa kidole: juu, chini, pembeni, juu, kwenye simu ya vitufe. Tulirudia kama mchezo asubuhi na jioni, simu ikiwa imezimwa. Kama wako hawezi hata hivyo, usilazimishe. Weka kwenye simu kiasi kidogo ambacho kikipotea hamtalia, na pesa kubwa ikae kwingine.

Mfundishe kanuni moja tu ya simu: ujumbe wowote unaotaja pesa unaonyeshwa kwanza kwa mmoja wa watu wawili. Wawili, kwa sababu wewe utakuwa safarini siku ile hasa. Kwetu ni mimi na shemeji yake. Ule ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii" umewaliza wasomi wenye shahada, seuze yeye anayependa kutii. Ukija, usiufute. Uelekezeni pamoja kwenda 15040, namba ya kuripoti ujumbe wa utapeli. Mdogo wangu anaifurahia kazi hiyo kuliko kitu chochote kwenye simu. Pesa ikitumwa kimakosa, pigeni huduma kwa wateja namba 100 dakika ile ile, kabla aliyepokea hajaifikisha kwa wakala.

Mikopo ya simu isiguswe. Hakuna sababu ya mtu huyu kuwa na huduma ya kukopa salio la pesa, wala programu za mikopo za mtandaoni. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza majukwaa na programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila leseni. Ndiyo familia moja na kausha damu, wale wakopeshaji wa riba kubwa wa mtaani, tofauti yake ni kwamba hawa wanakusoma hadi orodha ya watu kwenye simu na kuwapigia wote. Nunua simu ya vitufe, umalize mjadala.

Na akija mtu kumwalika kwenye kikundi, uliza maswali. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, na asilimia 2 kati ya hizo ni za watu wenye ulemavu. Ni haki yake na inaweza kumfaa sana. Lakini akialikwa kwa kuwa kikundi kinahitaji jina la mlemavu kwenye fomu, hela watakula wengine na deni litabaki lake. Hudhuria vikao viwili kabla hajaweka dole gumba popote.

Hatua ya tano: benki na sheria

Akiba ikizidi uwezo wa kopo, mfungulie akaunti kwa jina lake. Nenda naye, avae vizuri, mwende siku za katikati ya mwezi foleni ikiwa fupi. Asiyejua kuandika anaweza kuweka alama ya dole gumba. Omba akaunti ya akiba isiyo na kadi kwa kuanzia, au akaunti ya pamoja inayotaka saini mbili ili wewe peke yako usiweze kutoa, na yeye peke yake asiweze kushawishiwa kutoa.

Kwenye benki ya kwanza tuliyokwenda, karani aliniuliza mimi, "Huyu anaelewa?" huku mwenyewe amekaa mbele yake. Nilimjibu, "Muulize." Akiwakatalia, ombeni kukataliwa huko kuandikwe kwenye karatasi. Mara nyingi mambo hulainika hapo. Tanzania iliridhia mwaka 2009 Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, na ibara yake ya 12 inataja wazi haki ya kusimamia fedha zako mwenyewe. Mwaka uliofuata ikatungwa Sheria ya Watu Wenye Ulemavu. Karatasi ya kukataliwa mkiipata, mpelekeeni Afisa Ustawi wa Jamii wa halmashauri yenu. SHIVYAWATA, shirikisho la vyama vya watu wenye ulemavu, nao wanasikiliza.

Watu watakushauri uandikiwe hati ya kisheria ya kumwakilisha kwenye kila kitu. Hati hiyo ni halali kama yeye anayeitoa anaielewa. Kama haelewi, ni karatasi ya kesi. Kwa asiyeweza kabisa mahakama inaweza kuombwa kuteua msimamizi wa mali yake, ila hiyo iwe njia ya mwisho, kwa kuwa ukishamtoa mtu kwenye uamuzi wa mali yake, kumrudisha ni kazi. Tafuta mwanasheria wa msaada wa kisheria kabla ya kugusa lolote kati ya hayo mawili.

Mirathi ndiyo inayowaumiza wengi. Mwenye ulemavu wa akili ni mrithi kama mwingine, lakini kwenye kikao cha ukoo utasikia "sehemu yake tutamtunzia", na kutunza huko kunaisha na bati la nyumba ya mtu. Kwenye Mahakama ya Mwanzo msimamizi wa mirathi anatakiwa, ndani ya miezi minne, kurudisha orodha ya mali na madeni kwa Fomu Na. V, na baada ya hapo hesabu za mirathi kwa Fomu Na. VI kwa vipindi ambavyo mahakama itapanga. Omba kuziona. Jina lake limo? Sehemu yake imeandikwa kwa kitu kinachoonekana, chumba kipi, miti mingapi? Wazazi walio hai waandike wosia mapema. RITA, wakala wa serikali wa usajili, ufilisi na udhamini, huandika na kuhifadhi.

Hatua ya sita: daftari lako wewe

Andika kila shilingi yake inayopita mkononi mwako: tarehe, kiasi, imekwenda wapi, na risiti. Mtafute ndugu wa pili, ikiwezekana yule msiyepatana sana, akague kila mwezi. Usichanganye hela yake na yako hata siku moja.

Nayasema haya kwa kuwa nimeumbuka. Januari moja nilichukua 30,000 kwenye kopo la redio, nikanunua viatu vya shule vya mwanangu, nikajiambia nitarudisha Jumatatu. Zikapita wiki tano, nikasahau kabisa. Jumapili moja wageni wamejaa sebuleni, mdogo wangu akaja na kopo mikononi, akalitikisa, akasema kwa sauti, "Dada, tembo wangu watatu wako wapi?"

Nililipa siku ile ile, mbele ya wageni. Redio aliinunua mwezi wa nne, Kariakoo, akachagua mwenyewe yenye taa ya kijani.

Hatua ya saba: rudi nyuma kidogo kidogo

Kila baada ya miezi mitatu fungua lile daftari la sehemu tatu, muone pamoja kipi kimehama. Chagua jambo moja tu la kuachia. La mwisho tuliloachia ni wakala. Kila Jumanne anaweka 5,000 kwenye simu, zinangoja kwenda benki. Wiki ya kwanza nilisimama naye dirishani. Wiki ya pili nilikaa ng'ambo ya barabara kwa muuza mihogo, nikimwona anasubiri ujumbe uingie kabla ya kuondoka, kama tulivyofanya mazoezi. Wiki ya tatu nilikuwa navaa viatu nimfuate, akaniambia nibaki, chai yangu inapoa.